Mgeni wa Ubavu wa Kushoto

Lilianza Jumanne usiku, Tandika, umeme umekatika:
kama mtu kanibandika pasi ya mkaa chini ya chuchu
akaiacha hapo, akaenda kupokea simu.

Nikahesabu. Miezi saba na siku nne
tangu Sikudhani, dada yangu, alale chumba cha pili
na figo yake ikavuka ukuta.
Figo iko chini, karibu na kinena, upande wa kulia.
Sasa huku juu kushoto kuna nini?

Shangazi Mwantumu alisema ni gesi, ninywe tangawizi.
Fundi cherehani wa barazani alisema ni moyo,
mjomba wake alianza hivyo hivyo, hakufika Idi.
Mimi nilimeza vidonge vya saa mbili
kama ninavyovimeza kila saa mbili, bila mjadala.

Muhimbili wakanivua shati.
Karatasi ikatoka na vilima vya moyo,
vyote sawa, kama meno ya kitana kipya.
Picha ya mapafu, safi.
Wakatafuta donge la damu lililopanda kutoka mguuni, hakuna.
Wakanipa kikopo nitemee makohozi.
Wakanimulika koo, wakitafuta utando mweupe,
ukungu unaoota humo kwa watu wa aina yangu.
“Kwa mwingine kifua ni swali moja,” alisema Daktari Ngonyani.
“Kwako ni mtihani mzima, na bado wanagawa karatasi.”

Siku ya tatu maji ya ndoo yaliniuma.
Shati liliniuma. Hata feni.
Mwajabu akawasha tochi ya simu, akanyamaza
kiasi cha kunitisha.
Malengelenge, yametungwa kama shanga
kutoka uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa,
yakafika katikati ya kifua
yakasimama, kama msafiri asiye na pasipoti.

Mkanda wa jeshi.

Mtaani kwetu jina hilo halisemwi kwa sauti,
nyuma yake watu husikia jina jingine.
Kufikia adhuhuri Mama Shukuru alikuwa ameshanihurumia,
ile huruma inayosimama ng'ambo ya mfereji.
Ningemwambia nini? Kwamba kabla ya figo
damu yangu ilisomwa mpaka ikachoka?
Nilimsalimia tu. Akaitika akiwa anaondoka.

“Ni tetekuwanga,” alisema daktari. “Ile ile ya utotoni.
Hukupona. Ililala.”

Nikaukumbuka mkeka.
Mimi miaka sita, Sikudhani minane,
mama anatupaka dawa ya rangi ya waridi,
tunakatazwa kujikuna, tunakunana kwa siri.
Kumbe siku zile kuna aliyeingia,
akachagua mshipa mmoja wa fahamu, akajikunja,
miaka thelathini na mitatu
walinzi wangu wakimpitia kila usiku:
upo? Tulia hapo hapo.

Sasa walinzi nimewalewesha mwenyewe.
Asubuhi na usiku nawapa kidonge
wasije wakamshika dada mlangoni,
we nani, umetoka wapi, nani kakuleta.
Na wamelala kweli, wala sidai.
Wahenga walionya juu ya kumwamsha aliyelala;
hawakusema lolote juu ya kumlaza aliye macho.

Nimeongezewa dawa nyingine, mara tano kwa siku.
Jedwali limebandikwa kwenye friji, limejaa vema za wino.

Jioni Sikudhani akapiga kutoka Kigamboni.
Nikamwambia asimlete mwanawe, hajawahi kuugua ile.
Kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa.
“Basi wangu bado amelala,” akasema.
Nani?
“Wa mkeka ule. Wewe umedhani ulipata peke yako?”

Nikacheka, mkono ubavuni,
kikaniuma,
nikaendelea kucheka polepole.